Kwa Nini Aliyeponywa Naye Analia

Tukio lenyewe kila mpenzi wa tamthilia za kichawi analijua. Jamaa kachomwa upanga, damu imemlowesha mpaka mkandani, wenzake wamemzunguka hawana la kufanya. Binti mwenye kipaji anapiga magoti, anaweka kiganja juu ya jeraha, anafumba macho. Muziki unapanda. Jeraha linajifunga taratibu, na mishipa ya mkono wa binti inageuka myeusi kuanzia vidoleni mpaka kwenye kiwiko. Jamaa anavuta pumzi, anafumbua macho, watu wanashangilia. Binti anageukia ukutani na kujifuta damu ya pua kwa mkono wa nguo, asionekane.

Hapo ndipo ubishi unapoanza. Hapa Dodoma, iwe kwenye kibanda umiza kule Chang'ombe au sebuleni kwa mtu Nkuhungu, watazamaji hugawanyika pale pale. Wengi wanamlilia binti. Wanasubiri sehemu inayofuata wamwone jamaa akishukuru, na jamaa akishajua kilichotokea, badala ya kushukuru anafoka: "Nani alikutuma?" Basi matusi yote yanamwangukia yeye. Mshenzi. Hana fadhila. Shukrani ya punda ni mateke.

Mimi huwa namtetea huyo anayefoka. Adabu hana, hilo nakubali. Lakini hasira yake mara nyingi ndiyo inayobeba ukweli wa hadithi, kuliko mishipa myeusi na damu ya puani ambazo mtengenezaji amewalipa mafundi wa kompyuta wamtengenezee. Tamthilia ya kwanza ya Kichina kutiwa sauti za Kiswahili, ile iliyoonyeshwa na TBC mwaka 2011, ilihusu mambo ya wakwe. Siku hizi tunaangalia miungu, majini na mabinti wa mbinguni wanaomwaga damu ya moyo kwa ajili ya wapenzi wao. Za Kikorea zina yao, za Marekani zinazotafsiriwa na ma-DJ wetu zina yao. Zote hutuonyesha gharama ya mwili waziwazi. Gharama ya moyo huiacha tuitafute wenyewe, na tukiitafuta kwa mponyaji peke yake tunaipata nusu.

Tutenganishe kwanza, maana kujitoa ili mwingine apone kuna sura zaidi ya moja, na kila moja inaumiza kivyake.

Sura ya kwanza ni kuhamisha: homa inatoka kwa mgonjwa inaingia kwa mponyaji, jeraha linafutika huku linachimbika kule. Mponyaji wa namna hii anaishi na hofu. Kila mkono unaonyooshwa kwake kwa salamu anautazama mara mbili. Sura ya pili ni kutumia akiba. Ana miaka kadhaa ya uhai, au nguvu alizozikusanya kwa mafunzo ya karne nyingi kama wale wa hadithi za Kichina, na kila anayemponya anapunguza kwenye fungu. Huyu hofu yake ni ndogo. Kinachomtafuna ni hesabu. Akimponya mtoto wa jirani leo, kesho mama yake akianguka itakuwaje? Anajikuta anawapima watu, huyu anastahili, huyu asubiri, na hakuna mtu mwema anayeweza kufanya kazi hiyo muda mrefu akabaki anajipenda. Sura ya tatu ni roho kwa roho. Anakufa yeye, anaishi yule, na gharama yote ya moyo inabaki kwa aliye hai. Ipo na ya nne, ya kuponya kwa kupoteza kumbukumbu, ambayo watunzi huipenda kwa sababu inaliza haraka. Sitakaa nayo. Machozi yake ni ya bei rahisi.

Tuanze na mponyaji, kwa kuwa ndiye anayependwa.

Wataalamu wa ubongo Tania Singer na Olga Klimecki, walipokuwa Leipzig, Ujerumani, mwanzoni mwa miaka ya 2010, waliwafundisha watu namna mbili za kukutana na mateso ya mwenzao. Namna ya kwanza ni kuyahisi: unamwona mtu anaumia, nawe unajaribu kuumia naye. Namna ya pili ni kumtakia mema na kuwa tayari kumsaidia, bila kuyavaa maumivu yake. Waliofundishwa kuyahisi walipoonyeshwa video za watu wenye taabu walizidi kunyong'onyea, hisia mbaya zikapanda. Walipofundishwa ile namna ya pili, hali iligeuka. Hisia njema zilipanda ingawa video bado zilikuwa za taabu, na hata sehemu za ubongo zilizofanya kazi hazikuwa zile zile.

Sasa tazama tamthilia inafanya nini. Inachukua ile namna ya kwanza, ya kuyavaa maumivu ya mwenzako, na kuigeuza kuwa kitu cha kweli, chenye damu na mishipa. Halafu inaiita upendo. Mtazamaji anaondoka akiamini kwamba anayependa sana ndiye anayeumia sana, na kwamba muuguzi anayefanya kazi yake kwa utulivu, bila machozi, hajali. Muulize nesi yeyote wa wodi ya wagonjwa mahututi kuhusu hilo. Waliodumu kwenye kazi hiyo ni wale waliojifunza kukishika kidonda cha mtu bila kukibeba kwenda nacho nyumbani.

Asiyejifunza hilo anafika mahali ambapo mwanasaikolojia Christina Maslach alipaeleza tangu mwaka 1981 kwa dalili tatu: moyo unachoka, wagonjwa wanaanza kuonekana vitu badala ya watu, na mhusika anaona hakuna la maana analofanya. Tamthilia nzuri huipitia njia hiyo bila kutaja jina la mwanasayansi yeyote. Msimu wa kwanza binti anaponya anatabasamu. Msimu wa pili anaponya haongei. Msimu wa tatu mama anamletea mtoto mchanga, naye anauliza, bila hata kumtazama mtoto, "Ana nini?" Watazamaji wanasema kabadilika, kawa na roho ngumu, pengine kaingiwa na pepo. Hakuna pepo. Ni mtu ambaye kila siku anavaa kilio cha mwingine na hana pa kukivulia.

Na hana, kwa sababu ya siri. Hili ndilo jambo ambalo watunzi hulitumia kila mara bila kulichunguza: mponyaji anaficha. Anaficha damu, anaficha nywele zilizoota mvi usiku mmoja, anaficha kwamba amebakiza mwaka. Tumezoea kuiona siri hiyo kama unyenyekevu. Lakini siri ina kazi mbili. Inamlinda mgonjwa asijisikie vibaya, hilo ni kweli. Pia inamnyima nafasi ya kusema hapana. Wahenga walisema mgonjwa haulizwi uji, na kwa uji sina ubishi, mpe tu wa ulezi au wa mtama anywe. Miaka kumi ya uhai wa mtu mwingine si uji. Hiyo mtu anapaswa kuulizwa.

Ndiyo maana namtetea yule anayefoka "Nani alikutuma?" Amezinduka na kukuta amebebeshwa deni ambalo hakulikopa, hawezi kulilipa, wala hawezi kulirudisha. Akishukuru, shukrani ni ndogo. Akikaa kimya, ni mshenzi. Akiishi vibaya, anaupoteza uhai wa mwenzake. Akiishi vizuri, anaufaidi. Kila upande kuna lawama, na anayemdai ni mtu mwema kuliko wote kijijini, kwa hiyo hata hasira haruhusiwi.

Tamthilia ya zamani iliyolikamata jambo hili kuliko nyingi za leo ni Alcestis ya Mgiriki Euripides, iliyoonyeshwa Athens mwaka 438 KK. Siku ya mfalme Admetus ya kufa imefika. Mungu Apollo anampenda, amemwombea aachwe, na sharti lililotolewa ni moja: apatikane mtu wa kufa badala yake. Baba yake mzee anakataa. Mama yake naye anakataa. Mkewe, Alcestis, mama wa watoto wadogo, anakubali.

Hakuna mkono juu ya jeraha hapo, lakini hesabu ni ile ya roho kwa roho. Kinachonivutia ni jinsi Euripides anavyokaa na aliyebaki. Kabla ya kukata roho, Alcestis anaweka sharti lake wazi mbele ya watu: watoto wake wasiletewe mama wa kambo. Admetus anaahidi hilo na kuongeza ahadi nyingi ambazo hakuombwa, maombolezo ya maisha, hakuna tena karamu wala muziki, kama mtu anayejaribu kulipa haraka haraka kabla mwenye duka hajafunga. Kisha anagombana na baba yake hapo hapo msibani, na mzee anamrudishia bila huruma: mwoga ni wewe, uliyemwacha mwanamke akufie. Anaporudi kutoka kaburini na kuikuta nyumba tupu ndipo anasema ameelewa sasa. Mkewe ameshatua mzigo na jina lake litatukuzwa. Yeye atanyooshewa vidole popote apitapo: yule pale, aliyeogopa kufa akamtoa mkewe.

Mwishoni Heracles anapambana na Kifo na kumrudisha Alcestis akiwa amefunikwa ushungi. Watu wa tamthilia za leo wangempa hotuba ya dakika tano na machozi ya furaha. Euripides hampi hata neno moja. Tunaambiwa hawezi kusema mpaka siku ya tatu, baada ya kutakaswa, na mchezo unaisha kabla siku hiyo haijafika. Wasomi wana maelezo yao ya kidini, na ni ya kweli. Mimi naona pia mtunzi aliyejua kwamba neno lolote ambalo mwanamke huyo angelisema, liwe la upendo au la lawama, lingemmaliza mumewe.

Kwa anayeona Ugiriki iko mbali, tusogee karibu. Hospitali ya Benjamin Mkapa, jirani na Chuo Kikuu cha Dodoma, ilianza kupandikiza figo mwaka 2018, ikisaidiwa na madaktari wa taasisi ya Tokushukai ya Japani. Figo inatoka kwa ndugu aliye hai. Dada anampa kaka, mama anampa mwana. Hakuna uchawi: figo inayobaki kwa mtoaji hukua kidogo na kuchukua sehemu kubwa ya kazi ya mwenzake, na mtoaji mwenye afya anarudi kwenye shughuli zake. Kwa upande wa mwili hesabu inafungika. Kuchangia damu ni rahisi zaidi. Unatoa chupa moja, kiasi cha mililita 450, na baada ya miezi mitatu kwa mwanamume au minne kwa mwanamke unaruhusiwa kurudi, maana mwili umeshajaza pengo.

Pengo la moyo halijazwi na uboho. Wanasosholojia wa Marekani Renée Fox na Judith Swazey walikaa na wagonjwa wa figo na familia zao katika miaka ya 1970, upandikizaji ulipokuwa bado mambo mapya, wakakuta jambo ambalo madaktari hawakulitarajia: watu wazima waliopona walikuwa wanateseka kwa kushindwa kurudisha. Zawadi ilikuwa kubwa mno, haina mfano wake sokoni. Mtoaji naye wakati mwingine alijikuta anamfuatilia mpokeaji, anakula nini, analala saa ngapi, anaitunza vipi. Waliiita hali hiyo, kwa tafsiri yangu, ubabe wa zawadi. Fikiria kaka aliyepewa figo na dada yake, halafu siku moja wamegombana kwa sababu ya shamba la zabibu la marehemu baba yao. Atamjibu nini? Ana haki ya kushinda ubishi huo?

Ndiyo maana kazi ya upandikizaji, dunia nzima, imejiwekea taratibu ambazo tamthilia hazina. Mtoaji anahojiwa peke yake, mbali na macho ya familia. Anaelezwa hatari zote. Akisema moyoni hataki lakini anaogopa ndugu, madaktari wanaweza kuiambia familia kwa ufupi tu kwamba hafai kutoa, na siri ya woga wake inabaki kwenye faili. Nilipolijua hili nilianza kuwatazama wale mabinti wa tamthilia kwa jicho lingine. Tangu lini umemwona mmoja wao akiitwa chumbani peke yake na kuulizwa, "Wewe mwenyewe unataka?" Anaulizwa na nani, na kijiji kizima kimesimama mlangoni?

Sasa nifike kwenye jambo ambalo nadhani ndilo fundo lenyewe. Uponyaji unaomuumiza mponyaji haukubuniwa na watunzi wa televisheni. Upo, tena upo wa karibu yetu, na watu wanaoufanya kweli wameuwekea vitu ambavyo tamthilia inaviondoa ili tulie vizuri.

Miongoni mwa Wasani wa Kalahari, kule Botswana na Namibia, uponyaji ni ngoma ya usiku kucha. Wanawake wanakaa kuzunguka moto wanaimba na kupiga makofi, waponyaji wanacheza mpaka nguvu inachemka ndani yao. Kuchemka huko kunauma. Waliozoea wenyewe wanasema wanauogopa uchungu huo. Mponyaji anaweka mikono kwa mgonjwa, anauvuta ugonjwa uingie kwake, anatetemeka, anapiga ukelele, na kuutupa nje. Ni ile ile sura ya kuhamisha. Lakini tazama tofauti. Waponyaji ni wengi: katika kambi moja wanaume wengi, na wanawake pia, wanaijua kazi hiyo. Mmoja akizidiwa, wenzake wanamshika, wanamsugua, wanamrudisha. Na ugonjwa haubaki ndani yake. Una njia ya kutokea. Kesho yake watu wanapiga soga juu ya ngoma ya jana, nani alianguka, nani alichekesha.

Hapa mkoani kwetu Wasandawe, kule Chemba, ambao lugha yao nayo ina sauti za kugonga ulimi kama ya Wasani, wana ngoma yao ya simbo, ambayo mwanaanthropolojia Eric ten Raa aliyeishi nao aliiandika. Wachezaji huingiwa na hali ya simba ili kupambana na uchawi unaosumbua watu. Yako mabishano ya wataalamu kama michoro ya miambani ya Kondoa, iliyoingia kwenye urithi wa dunia mwaka 2006, ina uhusiano na ngoma hizo. Sitaki kuingia humo. Ninachotaka kionekane ni kwamba anayekwenda mahali pa hatari kwa ajili ya wengine anakwenda na ngoma, na watu wamezunguka wanaimba. Hata kwenye mwamba wa Mungumi, pale Kolo, ambako watu hadi leo wanafanya matambiko ya mvua na ya afya, hakuna mtu anayekwenda kujitolea kimya kimya ukutani.

Kitu cha pili ni malipo. Mganga wa kienyeji haanzi kazi bila kitu cha kufungulia mkoba, iwe pesa au kuku. Sisi wa mjini tunaona huo ni ulaji, na matapeli wapo kweli, sitawatetea. Lakini kuku yule ana kazi. Anayelipa anaondoka hadaiwi. Kesho akikutana na mganga kisimani anamsalimia kama jirani, hakwepi njia.

Hili sikuliona kwenye vitabu. Kuna kikundi cha vijana hapa mjini kinachotunga tamthilia ya kusikiliza kwenye simu, nami huwa naitwa kusoma miswada na kukosoa, kazi ambayo hailipi hata kuku. Shujaa wao anaitwa Nyemo, binti wa kubuni kutoka upande wa Bahi, anayenyonya homa za watu kwa kuwashika kichwa. Kwenye mswada wa mwanzo mzee mmoja analetewa mjukuu wake akiwa mzima, anamshika jogoo miguu yote miwili, anampelekea Nyemo kwa mikono yote miwili. Nyemo anakataa. "Kipaji hakiuzwi, babu." Muziki wa huzuni, mwisho wa sehemu.

Vijana waliipenda sana sentensi hiyo. Mama anayeigiza bibi yake Nyemo, mtu mzima aliyelelewa Mvumi, alikuwa amekaa na karatasi zake mapajani. Akavua miwani.

"Wanangu, huyu mtoto mnamuua."

"Kivipi, mama? Hapo si ndipo watu watampenda?"

"Watampenda, ndiyo. Na kesho wataleta wagonjwa kumi, maana ni bure. Na huyu mzee mmemvunjia heshima. Mnampeleka wapi na jogoo wake? Arudi naye nyumbani, mkewe aseme nini?"

Mtunzi, kijana mkaidi lakini mwenye masikio, alijibu kwamba Nyemo akipokea ataonekana tapeli. Wakabishana mpaka chai ikapoa. Mwisho waliiandika upya: Nyemo anampokea jogoo, anamwambia babu asante, na babu anaondoka akitembea kifua mbele, anaongea na mjukuu njia nzima. Sehemu mbili mbele Nyemo anaanguka kwa homa aliyoinyonya, na anayekuja kubisha hodi ni mzee yule yule, na uji. Kwenye mswada wa kwanza asingeweza kuja. Mtu aliyekataliwa jogoo wake haendi kirahisi kwenye mlango wa aliyemkatalia, hata kama anampenda. Anaona aibu ya deni. Hawakulipanga hilo, lilijitokeza lenyewe walipobadilisha jogoo.

Wenzi na malipo basi; hivyo viwili ndivyo tamthilia nyingi inavinyang'anya mponyaji wake. Inamweka peke yake na inamkataza kupokea. Ikishafanya hivyo, maumivu yanayofuata hayatokani tena na homa wala majeraha. Mwandishi Mfaransa Marcel Mauss, alipochunguza zawadi katika jamii mbalimbali mwaka 1925, alikuta wajibu wa aina tatu: kutoa, kupokea, na kurudisha. Mponyaji wetu wa televisheni anatimiza wa kwanza kupita kiasi, na kwa wema wake anawafungia wengine ule wa tatu.

Kuna mmoja zaidi ambaye hakai kwenye bango la tamthilia, na ambaye watunzi wanamtendea vibaya. Ni mama wa mponyaji, au dada, au mume. Yule anayesema "Usiende leo, pumzika." Kwenye hadithi huyu huandikwa kama mbinafsi, kizuizi cha kuvukwa. Lakini yeye ndiye anayehesabu. Anajua ni mashuka mangapi yameloa damu, anajua binti halali. Gharama anailipa kila siku bila kipaji chochote cha kumfanya asifiwe. Kwenye hospitali zetu mtu wa namna hii unamkuta kila asubuhi getini na chupa ya uji na ndoo ya nguo, msichana aliyeacha masomo kwa muda ili amuuguze shangazi, na nyuma yake kuna mama aliyetaka asiache akaonekana hana huruma. Nikiandika tamthilia mimi, kamera itakaa na huyo.

Inabaki namna ya kumaliza. Kanuni ya kibanda umiza inajulikana, stelingi hafi, kwa hiyo mtunzi akishamwumiza mponyaji wake misimu mitatu analazimika kutafuta mlango. Wengine wanamuua hata hivyo, na mtaa mzima unanuna wiki nzima. Wengine wanaleta dawa ya ajabu kutoka mlimani, na hiyo ni kumdanganya mtazamaji: gharama uliyomwambia ni ya kweli umeifuta kwa chupa. Namna ya tatu ndiyo inayozoeleka siku hizi: kipaji kinaondoka. Binti anaamka asubuhi moja viganja viko baridi, hawezi tena kuponya hata mafua. Muziki wa faraja, maandishi yanasema "Miaka mitatu baadaye", tunamwona ana duka na mume na mtoto.

Namna hiyo ya tatu ndiyo ninayoipenda, ila wanairuka. Miaka mitatu waliyoiruka ndiyo yenye hadithi. Wiki ya kwanza baada ya kipaji kuondoka, nani anakuja kumsalimia? Foleni mlangoni inaisha siku ngapi? Yule jamaa aliyefoka, sasa wanapokuwa sawa, wote hawana kitu cha kumpa mwenzake, anazungumzaje naye? Na siku mama wa jirani atakapoleta mtoto mwenye degedege kwa mazoea, binti atasimama vipi pale mlangoni aseme sina, nenda hospitali, nikushikie mkoba twende wote? Sehemu tatu nne za namna hiyo, ambazo hakuna anayeponywa kwa mkono wala anayekufa, ningezinunulia bando.